Booker Washington: Mtumwa aliyejipa jina la ukoo darasani

Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye mpaka mmoja wa Burundi na Tanzania nikisubiri gari. Mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja mfanyabiashara, ana marobota mawili ya vitenge na gunia la mchele. Alizuiwa karibu masaa matatu. Kosa lake lilikuwa kubeba karatasi mbili zenye majina yasiyolingana. Ile aliyoipata kambini Tanzania, alikokulia, ilikuwa na majina matatu: lake, la baba na la babu. Kitambulisho cha nyumbani kilikuwa na majina mawili tu: la ubatizo na lile la Kirundi alilopewa alipozaliwa. Mtumishi aliyekaa dirishani alitaka kujua, kati ya wanawake hao wawili, yeye ni yupi.

Nilimuonea huruma mama yule kwa sababu yaliwahi kunipata. Nilipoandikishwa shule kambini, mwalimu aliniuliza jina la ukoo. Kama mjuavyo, kwetu Burundi, na kwa jirani zetu Rwanda pia, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano, na hakuna anayeshangaa. Basi nikatoa jina la baba. Mdogo wangu aliandikishwa siku nyingine, na mwalimu mwingine, akatoa jina la babu. Tuliporudi nyumbani na kutaka kuandikisha shamba la marehemu baba, karatasi zilisema kwamba mimi na yeye si ndugu.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia mtu anaulizwa jina lake dirishani, namkumbuka mtoto mmoja wa Marekani aliyeulizwa swali hilohilo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Mtoto huyo ni Booker T. Washington, na leo napenda tuyapitie maisha yake pamoja na safari ndefu ya jina alilolichukua.

MTOTO MWENYE BEI

Booker alizaliwa utumwani katika shamba moja la tumbaku, sehemu iitwayo Hale's Ford, jimbo la Virginia. Siku ya kuzaliwa kwake yeye mwenyewe hakuijua. Baadaye ilikubalika kuwa ni tarehe 5 Aprili 1856. Wasomaji ambao vyeti vyao vinasema walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu tu mwandikishaji alihitaji kujaza nafasi, wataelewa jambo hili bila maelezo zaidi.

Mama yake aliitwa Jane, na kazi yake ilikuwa kupika. Baba yake alikuwa mzungu ambaye Booker hakumjua. Walilala chini, juu ya matambara, katika kibanda ambacho ndicho kilikuwa jiko la shamba zima. Mwenye shamba, James Burroughs, alifariki mwaka 1861, na mali zake zikaorodheshwa. Katika orodha hiyo, pamoja na mifugo na vyombo, aliandikwa mtoto mweusi aitwaye Booker, thamani yake dola 400. Jina lake liliandikwa moja tu, kwa sababu mtumwa hakuhitajiwa kuwa na ukoo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watumwa waliachwa huru. Jane aliwachukua watoto wake watatu, John, Booker na Amanda, wakasafiri kwenda Malden, West Virginia, kumfuata mume wake. Mume huyo, baba wa kambo wa Booker, aliitwa Washington Ferguson, naye alikuwa akifanya kazi katika viwanda vya chumvi.

Uhuru haukuleta shibe. Booker na kaka yake waliingizwa kazini kwenye chumvi wangali wadogo. Mapipa aliyojaza baba yao wa kambo yaliandikwa namba 18, na hiyo ndiyo ikawa maandishi ya kwanza Booker kuyatambua maishani. Baadaye alishuka mgodini kuchimba makaa ya mawe. Shule ilipofunguliwa pale kijijini, baba wa kambo alikataa kumwachia, kwa kuwa mshahara wa mtoto ulihitajika nyumbani. Mwishowe walikubaliana: afanye kazi alfajiri, aende darasani, kisha arudi kazini jioni.

Siku ya kwanza darasani, mwalimu alianza kuita majina. Booker alisikiliza na kugundua kwamba kila mtoto anataja majina mawili, na wengine hata matatu. Yeye maisha yake yote alikuwa Booker tu. Alijua zamu yake itafika na hana la kujibu. Mwalimu alipomfikia, alijibu kwa utulivu kwamba yeye ni Booker Washington, kana kwamba ameitwa hivyo tangu azaliwe. Likaandikwa kitabuni.

Alilitoa wapi? Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo, na pia lilikuwa jina la rais wa kwanza wa Marekani. Yeye alieleza tu kwamba lilimjia kichwani wakati ule. Lakini jina hilo lilikuwa limetembea sana kabla ya kufika kwenye benchi lile la Malden. Hebu turudi nyuma kidogo.

KUTOKA KIJIJI CHA DURHAM

Washington ni jina la kijiji kaskazini mwa Uingereza, katika eneo lililokuwa la Durham. Wasomi wa majina huliona kuwa na maana ya makazi ya watu wa bwana mmoja wa kale aliyeitwa Hwaesa. Katika miaka ya 1180 kulikuwa na bwana mwenye ardhi aliyejulikana kama William wa Hertburn, kwa kuwa Hertburn ndiko alikokaa. Alibadilishana ardhi yake na ile ya Washington, akahamia huko. Alipohama, akaacha kuitwa wa Hertburn, akaitwa wa Washington. Wakati huo jina la mtu mkubwa lilifuata udongo anaoumiliki, na udongo ukibadilika, jina nalo hubadilika.

Kwa hiyo hata huko lilikoanzia, jina hili mwenye nalo alilichukua ukubwani, baada ya kuhama.

Wazao wa William walitawanyika. Tawi moja lilishuka hadi Warton, katika Lancashire. Kutoka huko Lawrence Washington alihamia Northampton, katikati ya Uingereza, akawa mfanyabiashara wa sufu, na akafanikiwa hadi kuwa meya wa mji huo. Mfalme Henry wa Nane alipozifunga nyumba za watawa na kuuza ardhi zao, Lawrence alinunua ardhi ya Sulgrave mwaka 1539, akajenga nyumba ambayo ipo hadi leo.

Utajiri hauna mizizi. Karibu miaka 100 baadaye, mzao wake mmoja, naye akiitwa Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh katika Essex. Vita vilipozuka kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, kasisi huyo alihesabiwa upande wa mfalme. Mwaka 1643 alifukuzwa kwenye parokia yake kwa tuhuma za ulevi, na akafa maskini.

Mwanawe John aliingia katika biashara ya ng'ambo. Alisafiri na merikebu iitwayo Sea Horse hadi Virginia kununua tumbaku. Mwaka 1657 merikebu hiyo ikiwa imepakia mzigo ilikwama katika mto Potomac. Wakati wakihangaika kuitengeneza, John alipata marafiki, akampata na mchumba, Anne Pope. Baba mkwe aliwapa ekari 700. Hakurudi tena Uingereza. Wafanyabiashara wa mpakani mnawajua watu wa namna hii: walikwenda kwa wiki mbili, mzigo ukakwama, leo wana wajukuu huko.

John ndiye babu mzaa babu wa George Washington, aliyezaliwa mwaka 1732, akaongoza jeshi lililowafukuza Waingereza, akawa rais wa kwanza wa Marekani kuanzia 1789 hadi 1797. George hakupata mtoto wa kumzaa. Alichokuwa nacho kwa wingi ni ardhi na watumwa. Alirithi watumwa 10 akiwa na miaka 11 tu. Alipokufa Desemba 1799, shamba lake la Mount Vernon lilikuwa na watumwa zaidi ya 300, na zaidi ya 120 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe. Katika wasia wake aliagiza hao wake waachwe huru mkewe akishafariki. Mjane wake, Martha, hakusubiri, aliwaachia tarehe 1 Januari 1801. Waliosalia, ambao walikuwa wa urithi wa familia ya mume wake wa kwanza, walibaki utumwani na kugawanywa kwa warithi.

Baada ya 1865 mamilioni ya watu walioachwa huru walihitaji majina ya kuandikwa shuleni, kanisani, kazini na kwenye ndoa. Wengine walichukua jina la bwana wao wa zamani, wengine walilikataa kabisa. Wanahistoria wanaeleza kwamba wengi waliochukua jina la Washington walilichagua wenyewe. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000 walihesabiwa watu wapatao 163,000 wenye jina hilo la ukoo, na tisa kati ya kila kumi walikuwa weusi. Jina la bwana wa Durham limekuwa jina la Waafrika wa Marekani.

UFAGIO NA MTIHANI

Turudi kwa Booker. Akiwa mgodini alisikia wachimbaji wawili wakizungumza juu ya shule ya Hampton, Virginia, ambako kijana mweusi maskini angeweza kulipia masomo kwa kufanya kazi. Mwaka 1872 aliondoka nyumbani. Njia ilikuwa kama kilomita 800, naye hakuwa na nauli ya kutosha. Alitembea, akaomba lifti kwenye magari ya farasi, na alipofika mji wa Richmond hakuwa na senti. Alilala chini ya njia ya mbao ya waendao kwa miguu, mfuko wake wa nguo ukiwa mto, huku nyayo za watu zikipita juu yake. Asubuhi alipata kibarua cha kupakua chuma melini. Alifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa huku akiendelea kulala palepale ili abakize nauli.

Alifika Hampton akiwa na senti 50 mfukoni, mchafu, nguo zimechakaa. Mwalimu mkuu msaidizi, mama mmoja mzungu aitwaye Mary Mackie, alimtazama bila kuamua. Wengine waliingizwa, yeye akaachwa asubiri. Baada ya masaa kadhaa alipewa ufagio na kuambiwa asafishe chumba kimoja. Alikifagia mara tatu, akakipangusa mara nne, kuta, benchi, meza na makabati. Mama yule alipitisha leso yake nyeupe kwenye mbao asione vumbi. Huo ndio uliokuwa mtihani wake wa kuingia shule. Hakuonyesha cheti chochote, na hakuna aliyemuuliza jina la babu yake.

Alimaliza Hampton mwaka 1875, mama yake akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alipokuja kujua kwamba mama yake alikuwa amempa jina la pili alipozaliwa, Taliaferro, hakulitupa lile alilojitungia wala hakulidharau la mama. Aliyaunganisha yote, akawa Booker Taliaferro Washington. Hiyo ndiyo asili ya ile herufi T katikati. Kaka yake John, aliyemtangulia kuzaliwa, naye alitumia jina la Washington. Ukoo wao ulianzia kwa mdogo.

TANURU LA NNE

Mwaka 1881 aliitwa kuanzisha shule ya walimu weusi mjini Tuskegee, jimbo la Alabama. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka za mishahara tu. Ardhi haikuwepo, wala jengo. Tarehe 4 Julai 1881 alifungua masomo kwa wanafunzi 30 katika kibanda kibovu karibu na kanisa. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja alisimama kumshikia mwalimu mwavuli ili somo liendelee.

Muda si mrefu alipata shamba la ekari 100 kwa dola 500, nusu ya fedha akikopa kwa mhasibu wa Hampton. Aliamua wanafunzi wajenge shule kwa mikono yao. Mjini hapakuwa na kiwanda cha matofali, hivyo akaona watajitengenezea na ziada watauza. Tanuru la kwanza liliharibika, la pili likaharibika, la tatu likaanguka usiku masaa machache kabla ya matofali kuiva. Fedha zikawa zimekwisha, na walimu wenzake wakamshauri aache. Alichukua saa yake, akaenda nayo mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15. Kwa fedha hizo walijenga tanuru la nne, nalo likaiva. Saa hakuikomboa tena.

Matofali yalikuwa mazuri, na wazungu wa jirani ambao hawakuipenda shule walikuja kuyanunua kwa sababu hawakuwa na pa kuyapata pengine. Jambo hilo lilimfundisha Booker imani aliyoishi nayo hadi kufa: mtu akiwa na kitu ambacho jirani anakihitaji, jirani atajifunza kumheshimu. Kwa imani hiyo mwaka 1900 alianzisha mjini Boston chama cha kitaifa cha wafanyabiashara weusi, wakiwemo wenye maduka madogo na vinyozi.

LAWAMA ZILIZOMFUATA

Hapa lazima niseme na upande wa pili. Tarehe 18 Septemba 1895, mjini Atlanta, alitoa hotuba iliyompa umaarufu kote Marekani. Aliwashauri weusi waanzie chini, kwenye kilimo, ufundi na biashara, na wasiweke mbele madai ya kuchangamana na wazungu. Wazungu walimshangilia. Lakini miaka hiyohiyo majimbo ya kusini yalikuwa yakiwanyang'anya weusi haki ya kupiga kura. Alabama yenyewe ilifanya hivyo kwa katiba ya mwaka 1901. Msomi W.E.B. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1903, alimlaumu wazi kwamba anauza haki za watu wake kwa bei ndogo.

Lawama hizo zilikuwa na uzito. Mwaka 1901 Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha chakula cha jioni Ikulu, magazeti ya kusini yakawaka moto kwa hasira, na mtu mweusi bado hakuweza kupiga kura Alabama. Hata hivyo, nyaraka zake zilipokuja kuchunguzwa baada ya kifo chake, zilionyesha jambo ambalo wengi hawakulijua. Alikuwa akitoa fedha kwa siri kuwalipa mawakili. Mojawapo ya kesi hizo, ya Giles wa Alabama, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1903 kudai haki ya kura, ikashindwa. Hadharani aliinama, gizani alipigana. Kama hiyo ilikuwa hekima au hofu, wanahistoria hawajaacha kubishana, nami sitajifanya mwamuzi.

Maisha ya nyumbani nayo yalikuwa na majonzi. Mke wake wa kwanza, Fannie, alifariki mwaka 1884, na wa pili, Olivia, mwaka 1889. Margaret, mke wa tatu, ndiye aliyewalea watoto wake watatu. Booker alifariki Tuskegee tarehe 14 Novemba 1915 akiwa na miaka 59. Aliacha shule yenye majengo kama 100 na wanafunzi wapatao 1,500.

Mkono wake ulifika hadi kwetu. Mwaka 1924 tume ya elimu ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, miongoni mwao akiwa Dokta James Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo. Tume hiyo ilisifu elimu ya mikono ya Hampton na Tuskegee, na mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, kufundisha walimu wa vijijini kwa mtindo huo. Hapa tena kulikuwa na pande mbili: wapo waliopata ufundi, na wapo walioona kwamba wanafunzwa jembe ili wasifike kwenye kalamu.

KARATASI NA MTU

Sasa, ndugu msomaji, kuhusu shamba la marehemu baba. Kilichotuokoa mimi na mdogo wangu hakikuwa cheti. Walikuja wazee wa mlimani kwetu, bashingantahe, wakasimama mbele ya watu na kueleza nani alimzaa nani. Baada ya hapo tuliandikisha kiapo kwamba majina yote yaliyoko kwenye karatasi zetu ni ya watoto wa baba mmoja. Leo watoto wangu na wa mdogo wangu wanaandikwa jina moja la mwisho. Tumelichagua sisi, kama yule bwana wa Durham alipohama na kama yule mtoto wa Malden alipoulizwa.

Mama yule wa vitenge nilimweleza habari ya kiapo tukiwa kwenye gari, maana alipita hatimaye, jua likiwa limeshakwenda. Aliniuliza achague jina lipi, la kambini au la nyumbani. Nilimshauri asitupe hata moja. Ayaandike yote kwenye karatasi moja, halafu aanze kulitumia hilo kila anapovuka.